Meza ya Rufaa ya Kombe la Mbuzi

Ukitaka kujua watu wanauelewaje udanganyifu michezoni, usiwaulize. Kaa kwenye meza inayopokea rufaa. Mimi ni katibu wa kamati ya kombe la mbuzi hapa kwetu Tandika, Dar es Salaam, kazi isiyo na posho na ambayo hakuna anayeigombea. Kwa misimu kadhaa sasa mimi ndiye naandika kanuni, nakusanya picha za wachezaji, na napigiwa simu usiku na makocha waliofungwa. Timu ni za hapa hapa: vijana wa bodaboda, mafundi wa gereji, wabeba mizigo wa sokoni, wauza mitumba, na wanafunzi wa chuo waliopanga vyumba mtaani. Bingwa anaondoka na mbuzi na seti ya jezi. Mbuzi mwenyewe akishachomwa, kwa wingi wa watu waliomshangilia, ukipata vipande viwili umependwa. Lakini kwa ajili ya huyo mbuzi nimeshaona watu wazima, wenye wake na watoto, wakikunjana mashati.

Kanuni zetu zilianza zikiwa karatasi moja. Leo ni kurasa nne, na kila kipengele kilichoongezeka kina baba yake: mtu fulani aliyefanya jambo ambalo sisi kamati hatukuwahi kuliwaza. Nikivisoma kwenye kikao cha kabla ya msimu, watu hucheka na kuanza kutajana majina.

Tuanze na mamluki, wachezaji wa kukodiwa kutoka nje ya mtaa, maana ndio ugonjwa wetu mkubwa. Kanuni ilisema mchezaji awe mkazi wa mtaa. Basi. Msimu mmoja timu ya gereji ikaja na mshambuliaji ambaye hakuna aliyewahi kumuona, kijana wa miguu mirefu aliyekuwa akicheza ndondo, mpira wa mitaani, huko Mbagala. Wauza mitumba waliokula mabao yake wakakata rufaa jioni ile ile. Nikamwita kocha wa gereji, akaja ametulia kabisa, na bahasha mkononi.

"Katibu, huyu ni mkazi. Barua ya serikali ya mtaa hii hapa. Mwenye nyumba wake yule pale, muulize."

"Amehamia lini?"

"Wiki iliyopita. Kanuni yako imesema awe amehamia lini?"

Kweli, haikusema. Tulikwenda kukiona hicho chumba. Hakikuwa na godoro wala ndoo, kulikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira na waya wa kuchajia simu. Lakini kodi ya miezi mitatu ilikuwa imelipwa, mjumbe alimtambua, na barua ilikuwa halali. Tulibishana mpaka saa nne usiku. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja mstaafu wa bandarini, alitaka timu ifutwe mashindanoni. Mimi nilisimama upande wa gereji, na hadi leo sijabadilisha mawazo. Walisoma kanuni, wakaona pengo, wakalipa kodi ya nyumba ili wapite hapo, na tulipowauliza hawakuficha hata kimoja. Kosa la pengo lilikuwa letu sisi tulioandika. Pointi zao zikabaki, na msimu uliofuata kanuni ikasema ukazi wa miezi sita.

Mashindano hayo hayo tulikuwa na kesi nyingine ambayo kwa mbali unaweza kudhani ni ile ile. Wabeba mizigo walikuwa na mchezaji aliyesajiliwa vizuri, mkazi wa kuzaliwa. Siku ya robo fainali alikuwa safarini, wakamvalisha jezi yake mdogo wake anayeishi Gongo la Mboto. Sura zinafanana, na picha yenyewe ilipigwa kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Walishinda bao moja, wala hakufunga yeye. Ilipogundulika, nahodha wao akanijia na hoja ambayo aliona haina jibu: "Kaka, gereji wameleta mtu wa Mbagala mmemwacha. Sisi tumeleta ndugu wa damu wa mtaa huu mnatunyang'anya ushindi?"

Tuliwanyang'anya. Wapinzani wao wakapewa ushindi wa mezani, na mimi nikawa adui sokoni kwa muda mrefu, hata nyanya nilikuwa nikinunua kwa bei ya mgeni. Lakini hoja ya nahodha ilinisaidia kuona kitu. Ukipima ukubwa wa kosa kwa jinsi lilivyosaidia timu, basi gereji ndio walionufaika zaidi. Ukipima kwa jinsi lilivyofanyika, mambo yanageuka. Ujanja wa gereji ulifanya kazi hata sisi sote tukiujua. Ujanja wa wabeba mizigo ulifanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba refa, mimi na wapinzani wao tusijue. Tangu siku hiyo hicho ndicho kipimo ninachoanza nacho kila rufaa: je, mngelifanya hili kama timu ya pili ingekuwa imeambiwa?

Nimekipeleka kipimo hiki kijiweni kwenye drafti, ambako kila kitu hupimwa, na kikanitia kwenye ugomvi wa Suárez. Tarehe 2 Julai 2010 mimi na wenzangu tulikuwa tumebanana kwenye banda umiza, robo fainali ya Kombe la Dunia, Ghana na Uruguay pale Johannesburg. Dakika za mwisho kabisa za nyongeza, matokeo 1–1, mpira wa Ghana unakwenda wavuni, na Luis Suárez wa Uruguay anauzuia kwa mikono akiwa kwenye mstari wa goli. Kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akagonga mwamba. Ghana wakatolewa kwa matuta 4–2, na Afrika ikasubiri hadi Morocco mwaka 2022 ndipo ikapata timu ya nusu fainali. Banda zima lilisimama likimwita Suárez mwizi. Kuna mtu alirusha ndala kwenye skrini na mwenye banda akamfungia mlango asitoke mpaka alipe, ingawa skrini haikuwa na alama yoyote.

Mimi husema Suárez hakuiba. Nasema hivyo mbele ya watu na naweza kutukanwa. Alivunja sheria mbele ya refa, mbele ya dunia nzima, na bei iliyoandikwa kwenye sheria akailipa yote: akatoka nje, Ghana wakapewa penalti. Kama bei ni ndogo, tuwalaumu wanaoipanga. Maradona mwaka 1986, dhidi ya Uingereza kule Mexico, alifunga bao kwa mkono na likahesabiwa kwa sababu refa, Mtunisia Ali Bin Nasser, hakuuona ule mkono. Thierry Henry wa Ufaransa mwaka 2009 aliuweka sawa mpira kwa mkono, akampa mwenzake Gallas akafunga, na Ireland wakakosa Kombe la Dunia. Mabao hayo mawili yasingekuwepo kama refa angeona. Kosa la Suárez lilionwa, likaadhibiwa, na bado likamlipa. Kijiweni, hata hivyo, Maradona ni mjanja wa kupigiwa makofi na Suárez ni shetani. Nilimuuliza mzee mwenyekiti kwa nini, akaendelea kusogeza kizibo chake.

"Kwa sababu Uingereza si ndugu zangu," akasema.

Nadhani huo ndio ukweli wa rufaa nyingi ninazopokea. Anayeandika rufaa hulia kwa sababu aliyefungwa ni yeye.

Drafti yenyewe ina mambo yake. Kula ni lazima, hilo kila mtu analijua, na kumtegea mwenzio kete ili alazimike kula na kufungua nyumba yake ndio utamu wote wa mchezo. Kumsemesha ni ruhusa. Kumuimbia, kumkumbusha deni lake, kumuuliza habari za mchumba wake wa zamani, vyote ruhusa, na asiyeweza maneno asikae pale. Kusogeza kizibo wakati jirani amegeuka kutazama bajaji iliyozimika barabarani, huo ni wizi, na nimeona mtu akisusiwa kijiwe kwa hilo hadi akahamia kucheza Azimio. Kati ya hayo mawili kuna mzee wetu. Akicheza na kijana wa bodaboda na hali ikamuendea vibaya, anakaa kimya anaifikiria kete moja, anafikiria, anafikiria, mpaka abiria atokee. Kijana anaitwa, anaondoka, na mzee anatangaza ushindi. Hakuna saa kwenye drafti ya kijiweni, na kijana anajua kabisa anachofanyiwa. Kwa kipimo changu mzee si mwizi. Ni kero tu.

Kero ndiyo iliyonifundisha kwamba kipimo changu hakitoshi.

Uwanja wetu hauna taa. Mechi zilikuwa zinaanza saa kumi na nusu, na jua la Dar halikusubiri mtu; kufika saa kumi na mbili na nusu mpira unaanza kuonekana kivuli. Kanuni ilisema giza likiingia, matokeo yanabaki yalivyo. Unaweza kukisia kilichofuata. Timu ikiongoza, beki anapiga mpira kwa nguvu zake zote juu ya ukuta wa nyumba ya mama mmoja ambaye hataki habari za mpira. Mama anakuwa na sufuria jikoni, hafungui. Vijana wanamuomba mlangoni: shikamoo mama, samahani mama. Anawajibu marahaba, na mlango haufunguki. Dakika zinakwenda, adhana ya magharibi inasikika, mechi imekwisha. Mpira mmoja ulikaa kwake siku tatu, akaurudisha umepungua upepo.

Hapo hakuna kilichofichwa. Kila mtu uwanjani alijua beki anafanya nini, mashabiki wao walikuwa wakimshangilia kwa kuubutua juu zaidi. Hakuna sheria iliyovunjwa pia, mpira ukitoka ni wa kurusha. Basi kwa nini watu wanaondoka uwanjani wamechukia, hata wale walioshinda? Nilichokuja kukiona ni kwamba upo ujanja ambao si udanganyifu na bado unaua mchezo, na dawa yake haipo kwenye adhabu. Ipo kwenye kalamu. Tulisogeza mechi zikaanza saa kumi kamili, tukataka kila timu ije na mpira wake wa akiba, na tukaandika kwamba giza likiingia dakika zilizobaki zinachezwa kesho yake. Tabia ile ikaisha yenyewe. Hakuna aliyeonywa, hakuna aliyehubiriwa.

Wakubwa wa soka nao ndivyo wanavyofanya. Zamani kipa alikuwa anarudishiwa mpira na beki, anaudaka, anampa, anarudishiwa tena, watu wanapiga miayo. Kombe la Dunia la 1990 lilichosha kwa mtindo huo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, kipa asidake pasi ya mguu ya mwenzake. Miaka mingi kipa alipewa sekunde sita za kushika mpira na marefa wakawa hawazihesabu, kwa sababu adhabu yake, faulo ndani ya boksi, ilikuwa kubwa mno kwa kosa dogo. Mwaka 2025 wakaamua zihesabiwe sekunde nane, na akizidisha ipigwe kona. Adhabu imepungua, na refa amepata ujasiri wa kuitoa. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Hata huko juu wana mama mwenye ukuta.

Kubwa kuliko lile la giza lilitokea kwenye makundi. Mechi ya mwisho ya kundi, bodaboda na wanafunzi, sare inawapeleka wote robo fainali na kuwatoa mafundi wa gereji. Kipindi cha kwanza kilikuwa mpira. Kipindi cha pili kikawa matembezi. Kipa anampa beki, beki anampa kipa wa timu ya pili ukipenda, maana hakuna aliyekuwa anakimbia. Mashabiki wakaanza kuwauliza kama wanataka waletewe mkeka na kahawa.

Gereji wakaja na rufaa yao, safari hii wao ndio wanalia. Nilipekua kanuni ukurasa kwa ukurasa. Hakuna kifungu kinachosema lazima ushambulie. Nikamweleza kocha wao kuhusu Gijón, kule Hispania, Kombe la Dunia la 1982: Ujerumani Magharibi na Austria, mapema kabisa likafungwa bao moja, na kwa kuwa 1–0 iliwavusha wote, wakautembeza mpira hadi mwisho huku Algeria, ambao walikuwa wamewafunga Wajerumani na walishamaliza mechi zao jana yake, wakitolewa. Matokeo hayakufutwa. Kilichobadilika ni kwamba kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi zinachezwa kwa wakati mmoja.

"Sawa katibu," akasema. "Na sisi chezesheni kwa wakati mmoja."

"Uwanja tunao mmoja, kaka."

Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyewatuma wanafunzi watembee. Tukaondoa makundi. Sasa ni mtoano tangu mechi ya kwanza, ukifungwa nenda nyumbani. Timu zinalalamika kwamba zinalipa kiingilio na kucheza mechi moja tu, na wana haki ya kulalamika, lakini tangu hapo sijaona matembezi. Waandaaji wakubwa zaidi yetu nao wameshawahi kujitega wenyewe. Mwaka 1994, kwenye mashindano ya Karibea, kanuni ilisema bao la dhahabu, lile la kwanza la dakika za nyongeza linalomaliza mechi hapo hapo, linahesabiwa mawili. Barbados walihitaji kuishinda Grenada kwa tofauti ya mabao mawili. Wakiwa mbele 2–1 na dakika zinaisha, wakajifunga wenyewe kwa makusudi ili waende kwenye nyongeza. Grenada nao walipong'amua wakataka kufunga goli lolote kati ya mawili, lao au la wapinzani, na Barbados wakagawana kulinda pande zote mbili za uwanja. Wakafika nyongeza, wakapata bao la dhahabu, wakavuka 4–2. Siwezi kuwaita Barbados wadanganyifu. Ningependa tu kumuona katibu aliyeiandika kanuni ile, nimpe pole.

Ndumba nisiizungumzie? Nikiiacha watu wa Dar watasema nimewaogopa. Kila timu ina kile tunachokiita kwa utani kamati ya ufundi, na kila msimu kuna goli linalokutwa asubuhi limechimbwa, kuna timu inayoruka ukuta badala ya kupita mlangoni. Rufaa zake ni ngumu, kwa sababu aliyezikiwa kitu anaamini kabisa ameibiwa, na aliyezika naye anaamini vivyo hivyo. Kamati ilikataa kuamua kama dawa inafanya kazi. Tuliandika kwamba ni marufuku kuchimba uwanja. Sababu ya kuchimba haituhusu.

Yote hayo naweza kuyasimulia nikicheka. Umri siwezi.

Tuna mashindano madogo ya watoto wasiozidi miaka 15, yanachezwa likizo ya Desemba. Siku moja mama mmoja anayekaanga mihogo pale njia panda alinifuata na mtoto wake anachechemea, goti limevimba.

"Katibu, mwanangu ana miaka kumi na miwili. Yule aliyemkanyaga ana ndevu."

"Mama, cheti chake tumekiona, kinasema ana kumi na nne."

"Cheti ndicho kinachocheza?"

Sikuwa na jibu. Cheti kilikuwa halisi, ila cha mdogo wake, jambo ambalo tulikuja kulijua baadaye. Kocha aliyefanya hivyo ni mtu ninayemheshimu, analea watoto wengi bila malipo, na alinieleza bila kuona haya kwamba kila mtu anafanya, kuanzia mashuleni hadi timu za taifa za vijana. Kwa sehemu alikuwa sahihi. Kwenye Kombe la Dunia la wasiozidi miaka 17, FIFA walianza mwaka 2009 kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI, kwa sababu karatasi zilishindwa. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya wasiozidi miaka 17, walikwenda fainali za Afrika kule Gabon mwaka 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa utata wa umri wa mchezaji, na hapa Dar tuliipokea habari ile kwa vifijo. Tulipokuwa sisi tunaobebwa na kanuni, kanuni ilikuwa nzuri sana.

Tofauti na kesi ya chumba kisicho na godoro ni kwamba hapa kuna mtu anayelipa asiyejua kuna deni. Mtoto wa mama wa mihogo hakuwa na namna ya kujilinda, hakujua kwamba anacheza na mtu mzima, na nafasi yake ya kuonwa na makocha ilichukuliwa na mtu ambaye wakati wake ulishapita. Naye yule kijana mkubwa ameibiwa pia, maana akifika kwa wenzake halisi hatakuwa na nguvu ya ziada ya kutegemea.

MRI hatuna. Enzi za wazazi wetu, wa kuanza darasa la kwanza alipitishiwa mkono juu ya kichwa, akilishika sikio la upande wa pili anapokelewa. Tulicheka kwenye kamati kwamba hata hicho kipimo kingemnasa yule mwenye ndevu. Mwishowe tuliamua hivi. Usajili wa watoto unafanyika siku moja, Jumamosi asubuhi, katikati ya uwanja, makocha wote wapo na wazazi wote wamekaribishwa. Kila mtoto anasimama mbele na kutaja jina, shule na darasa analosoma, na yeyote mwenye pingamizi analitoa hapo hapo. Mama wa mihogo huja na kiti chake na kukaa mbele kabisa. Kina mama wa mtaa wanajua nani alizaliwa mwaka gani kuliko ofisi yoyote. Wanakumbuka nani alikuwa na mimba wakati mmoja na nani.

Msimu wa kwanza wa utaratibu huo timu mbili zilifika na wachezaji pungufu, na moja haikutokea kabisa. Kocha yule ninayemheshimu alileta watoto saba. Aliniuliza kama anaweza kuwaunganisha na timu ya jirani ili wasikose kucheza. Tulimkubalia, na jina la kocha mkuu kwenye fomu likaandikwa la yule jirani.